Kukata Data Bila Kuvunja Amri: Mwongozo kwa Mwandishi wa Draiva za Flashi

Chukua chipu ya W25Q128, ile ya miguu minane ambayo mafundi wa laptopu wanaifahamu kwa kubeba BIOS. Ina megabaiti 16 zilizogawanywa katika kurasa za baiti 256. Mfumo wa faili ulio juu ya draiva yako unaweza kuagiza kilobaiti 4 ziandikwe kwa mkupuo. Chini ya draiva kuna kidhibiti cha SPI chenye foleni ya baiti 64. Nambari ziko tatu, na hakuna hata mbili zinazokubaliana. Wa kuzipatanisha ni wewe.

Mwongozo huu ni wa anayeandika au kurekebisha draiva ya namna hiyo, iwe ndani ya kerneli ya Linux, kwenye kifaa kidogo kisicho na mfumo endeshi, au ndani ya programu ya kuchoma chipu. Nitakaa zaidi kwenye flashi za SPI kwa sababu ndiko vikomo vya maunzi vinakouma. SD, NVMe na flashi za USB nitazipitia juu juu, maana huko sehemu kubwa ya kukata inafanywa na wengine.

Ushauri utakaousikia kwanza ni huu: kata data vipande vya 64, zungusha kitanzi, basi. Ushauri huo ni nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayolinda data. Kinachokatwa hapa ni amri. Baiti zinafuata tu, na amri ina mwanzo, mwisho na masharti yake.

CS ikipanda

Kuandika ukurasa mmoja wa flashi ya NOR ya SPI kuna hatua tatu. Unashusha waya wa CS (chip select, wa kuichagua chipu), unatuma 0x06 ya kuruhusu uandishi, unapandisha CS. Unaishusha tena, unatuma 0x02, baiti tatu za anwani, halafu data kuanzia baiti 1 hadi 256, unapandisha CS. Baada ya hapo unaisoma rejista ya hali kwa 0x05, tena na tena, mpaka biti ya WIP inayoonyesha kwamba chipu iko kazini irudi sifuri.

Hatua ya pili ndiyo yenye mambo. Chipu haianzi kuandika kadiri baiti zinavyofika. Inazikusanya kwenye bafa yake ya ndani na kusubiri CS ipande. Ikishapanda, chipu inahesabu kwamba umemaliza: inaanza kuandika seli, kazi ambayo kwenye W25Q128 huchukua chini ya milisekunde 1 kwa kawaida na haizidi milisekunde 3, na ikimaliza inaizima yenyewe biti ya WEL uliyoiwasha kwa 0x06.

Sasa weka chini yake kidhibiti kinachopandisha CS chenyewe kila foleni inapokwisha. Umeomba baiti 256. Zimetoka 64 za kwanza, zikiwemo amri na anwani, kisha CS ikapanda. Kwa upande wa chipu, hapo umekata simu katikati ya maongezi. Draiva ikiendelea kusukuma baiti 64 zinazofuata, ama chipu iko kazini na haikusikilizi, ama inaichukua baiti ya kwanza ya data yako kana kwamba ni amri mpya. Hakuna kosa litakalorudi, kwa kuwa chipu ya SPI haina namna ya kukuambia haijaelewa. Draiva itaripoti mafanikio, na utakaposoma utakuta baiti 60 za mwanzo ni sahihi na zilizobaki ni 0xFF, yaani hazijawahi kuguswa.

Usomaji nao unaharibika kwa sura hiyohiyo: mwanzo ni data, kisha mfululizo wa 0xFF, au 0x00 kutegemea rezista za ubao. Ukiona mpaka mkali wa namna hiyo, na unajirudia mahali palepale kila ukijaribu, usiilaumu chipu wala usipunguze kasi ya saa. Hesabu mpaka uko baiti ya ngapi. Ukikuta 59, 60 au 64, umeshajua pa kwenda kutafuta.

Kata juu, au kata chini

Kabla ya kuandika kitanzi chochote, uliza swali moja: je, kidhibiti kinaweza kuiacha CS chini huku foleni ikijazwa upya? Kama kinaweza, kata chini kabisa, ndani ya draiva ya kidhibiti. Jaza foleni, subiri intarapti, jaza tena, na chipu itaona amri moja ndefu isiyokatika. Linux ina funksheni ya kazi hiyo, `spi_split_transfers_maxsize`, inayogawanya mhamisho mkubwa kuwa midogo ndani ya ujumbe uleule bila kuinua CS katikati.

Mfano mzuri ni CH341A, kile kichomeo cha bei nafuu kinachochomekwa kwenye USB. Pakiti yake ya USB ni baiti 32, na baiti ya kwanza ni ya kukiamrisha kichomeo chenyewe, kwa hiyo data inabaki na baiti 31. Ukiangalia namba hiyo peke yake utadhani kila ukurasa lazima uvunjwe mara tisa. Lakini CS inabaki chini pakiti zikipita moja baada ya nyingine, na programu ya flashrom inatuma ukurasa mzima kama amri moja. Kikomo kipo, ila hakikuhusu.

Vidhibiti vingi vinavyopandisha CS vyenyewe vinaruhusu pini hiyo igeuzwe kuwa GPIO ya kawaida ikaendeshwa na programu. Jaribu njia hiyo kwanza. Binafsi naona draiva nyingi zimejazwa hesabu za vipande wakati mstari mmoja wa usanidi wa pini ungeliondoa tatizo lote.

Si kila mahali inawezekana. Kidhibiti cha SPI kilicho ndani ya chipseti za Intel hufanya kazi kwa mpangilio wa maunzi: unakipa anwani na urefu, chenyewe kinapanga amri, na data inapita kwenye rejista 16 za baiti nne nne, yaani 64. Draiva yake ndani ya Linux inahakikisha pia kwamba hakuna ombi linalovuka mpaka wa kilobaiti 4. Hapo CS haiko mikononi mwako. Unalazimika kukata juu, kwenye tabaka linaloijua flashi, na kila kipande kinakuwa operesheni kamili chenye anwani yake na, kwenye uandishi, ruhusa yake na kusubiri kwake.

Kutokana na hayo mgawanyo wa kazi unajipanga. Draiva ya kidhibiti haijui kama baiti inayopita ni amri au data, kwa hiyo pale isipoweza kuiacha CS chini kazi yake ni kutangaza kikomo na kulikataa ombi linalozidi, kwa kosa linaloonekana. Isikate kimyakimya kwa nia ya kusaidia. Draiva ya flashi ndiyo inayojua maana ya 0x02, na ndiyo inayopaswa kukata. Linux ilipoleta tabaka la spi-mem katika toleo la 4.18, mwaka 2018, ndivyo kazi ilivyogawanywa: draiva ya flashi inaieleza operesheni nzima, amri, anwani, baiti za kungojea na data, kisha inaita `spi_mem_adjust_op_size`, ambayo inapunguza urefu wa data uingie ndani ya uwezo wa kidhibiti.

Hesabu kichwa cha amri

Foleni ya baiti 64 haimaanishi data ya baiti 64. Kama amri na anwani zinapita kwenye foleni hiyohiyo, ziondoe kwanza. Uandishi wa 0x02 wenye anwani ya baiti tatu unakula nne, unabakiwa na 60. Usomaji wa haraka wa 0x0B unaongeza baiti moja ya kungojea, unabakiwa na 59. Chipu ikizidi megabaiti 16, anwani ya biti 24 haifiki mwisho wake, ukahamia anwani ya baiti nne: uandishi wa 0x12 unabakiwa na 59, usomaji wa 0x0C na 58. Kwa hiyo kikomo cha data hakiwi nambari moja uliyoiandika juu ya faili. Kinakokotolewa upya kwa kila aina ya operesheni.

Linux inatenganisha vikomo viwili hapa, na watu wengi wanavichanganya. `max_transfer_size` ni kikomo cha mhamisho mmoja, `max_message_size` ni kikomo cha ujumbe mzima kuanzia CS inaposhuka hadi inapopanda. Kichwa cha amri na data mara nyingi ni mihamisho miwili ndani ya ujumbe mmoja. Kidhibiti chenye kikomo cha mhamisho peke yake kinaipa data nafasi yote. Chenye kikomo cha ujumbe kinaikata data kwa ukubwa wa kichwa. Kwa hiyo data inapewa kilicho kidogo kati ya vitatu: urefu ulioombwa, kikomo cha mhamisho, na kikomo cha ujumbe ukitoa kichwa. Na kama kichwa peke yake kinamaliza nafasi yote, rudisha kosa. Ukirudisha sifuri, mwenye kitanzi juu yako atazunguka milele.

Kingo za ukurasa

Flashi nayo ina mipaka yake, na hiyo haijali kidhibiti chako ni kikubwa kiasi gani. Tuseme umeagiza baiti 32 ziandikwe kuanzia anwani 0x0010F0. Ukurasa unaishia 0x0010FF, kwa hiyo baiti 16 za kwanza zinakaa mahali pake. Baiti 16 za pili haziendi 0x001100. Kihesabu cha ndani cha chipu kinarudi mwanzo wa ukurasa uleule, na baiti hizo zinaandikwa 0x001000 hadi 0x00100F. Kama hapo palikuwa na data, unapata mchanganyiko wa ya zamani na mpya, kwa sababu uandishi wa NOR hugeuza 1 kuwa 0 tu na hauwezi kurudisha 0 kuwa 1 bila kufuta sekta. Umeharibu sehemu mbili kwa ombi moja, na moja kati yake hukuigusa kabisa kwenye msimbo wako.

Kitanzi cha uandishi kwa hiyo kinapima vitu vitatu kila mzunguko:

```
while (urefu > 0) {
    baki    = 256 - (anwani % 256);
    kipande = min3(urefu, baki, kikomo_cha_data);
    ruhusu_uandishi();
    n = andika(anwani, data, kipande);
    if (n <= 0)
        return n < 0 ? n : -EIO;
    kosa = subiri_imalize();
    if (kosa)
        return kosa;
    anwani += n;  data += n;  urefu -= n;
}
```

Angalia mistari ya mwisho. Kinachoongezwa ni `n`, yaani baiti zilizokwenda kweli, wala si `kipande` ulichoomba. Tabaka la chini lina haki ya kukupa pungufu ya ulichoomba, na kosa la kusogea kwa kiasi ulichoomba ndilo linaloacha mashimo ya 0xFF katikati ya faili. Draiva ya spi-nor ya Linux hulitazama jambo hilo kwenye usomaji pia: ikirudishiwa sifuri inalihesabu kuwa kosa la EIO, haijaribu tena.

`ruhusu_uandishi` iko ndani ya kitanzi kwa sababu WEL inajizima kila uandishi unapomalizika. Ukiitoa nje ili kuokoa muda, kipande cha kwanza kitaandikwa na vingine vyote vitapuuzwa bila neno.

Uzuri wa NOR ya kawaida ni kwamba haikukatazi kuuandika ukurasa mmoja kwa awamu. Ila zipo NOR zenye kurekebisha makosa ndani yake, na hizo zina sharti lisiloonekana kwenye jedwali la amri. S28HS512T, kwa mfano, hukokotoa ECC kwa kila kitengo cha baiti 16, na hairuhusu kitengo kilekile kiandikiwe mara mbili bila kufuta. Rudi sasa kwenye kipande chetu cha baiti 60. Ni vitengo vitatu kamili na baiti 12 za cha nne. Kipande cha pili kinaanza na baiti 4 zilizobaki za kitengo hichohicho. Sharti litakuwa limevunjwa kwenye vitengo kadhaa vya kila ukurasa.

Tiba ni kushusha mwisho wa kipande hadi kizidisho cha 16 kilicho nyuma yake:

```
mwisho  = anwani + kikomo_cha_data;
mwisho -= mwisho % 16;
kipande = min3(urefu, baki, mwisho - anwani);
```

Kwa kikomo cha 60, ukurasa unaoanza kwenye 0 sasa unakatwa 48, 48, 48, 48, 48 na 16. Umeongeza operesheni moja tu juu ya tano za awali. Shusha mwisho wa kipande, usishushe urefu wake, kwani anwani ya kuanzia yenyewe inaweza isiwe kizidisho cha 16. Na anayeandika chini ya kitengo kimoja, baiti 10 tu kwa mfano, huwezi kumwokoa ukiwa hapa chini; mtangazie tabaka la juu kwamba ukubwa mdogo wa uandishi ni 16, kama Linux inavyofanya kwa chipu hiyo, nalo lijipange.

NAND ya SPI ina mlango wake

Ukitoka NOR ukaenda NAND ya SPI usihame na kitanzi chako. Kurasa zake kwa kawaida ni baiti 2048 pamoja na 64 za pembeni, na haipendi ukurasa kuandikwa vipande vipande: ECC inakokotolewa wakati wa kuandika, na idadi ya mara unazoruhusiwa kuuandikia ukurasa mmoja ni ndogo sana. Ukiukata ukurasa wa baiti 2112 kwa vipande vya 60, kila kimoja kikiwa uandishi kamili, utaivunja sheria hiyo mara nyingi kabla hujafika nusu.

Bahati nzuri, waliounda chipu hizi waliweka bafa la ukurasa katikati na kukupa amri za kulijaza taratibu. Kipande cha kwanza kinapakiwa kwa 0x02, vinavyofuata kwa 0x84, na vyote vikishaingia unatuma 0x10 mara moja tu kuuandika ukurasa. Tofauti ya hizo mbili za kwanza ni kwamba 0x02 hulifuta bafa zima kuwa 0xFF kabla ya kuweka data yako, na 0x84 huacha vilivyomo. Aliyetumia 0x02 kwa kila kipande atakuta kipande cha mwisho tu ndicho kimebaki. Dalili imegeuka: kwenye NOR kosa la kukata linaacha mwanzo mzuri na mkia wa 0xFF, kwenye NAND ya SPI mkia ni mzuri na mwanzo ni 0xFF. Dalili hizo mbili zikikaa kichwani zitakuokolea jioni nzima ya kusoma vielelezo vya mawimbi.

Usomaji ni rahisi zaidi. 0x13 inauleta ukurasa kwenye bafa, halafu unausoma kwa 0x03 au 0x0B vipande vya ukubwa wowote, kila kimoja na anwani yake ya safu. Data imeshatulia kwenye bafa, haiendi popote.

Rejista ya urefu na sifuri yake

Kikomo kingine kimejificha kwenye upana wa rejista. DLEN, rejista ya urefu ya kidhibiti cha SPI cha BCM2835 kilicho kwenye Raspberry Pi za mwanzo, ni ya biti 16. Ukubwa wake wa mwisho ni 65,535. Ukiipa 65,536, nambari nzuri ya duara ambayo kila mtu anaipenda, biti ya juu inakatwa na rejista inabaki sifuri. Kama maunzi yanadai pia urefu uwe kizidisho cha nne, kikomo halali kinashuka hadi 65,532.

Lakini usikariri kwamba sifuri ni kosa kila mahali. Kwenye maelezo ya ADMA2 ya vidhibiti vya SDHCI, urefu wa sifuri maana yake ni 65,536 kamili. Datashiti ndiyo inayoamua, na sentensi unayoitafuta mara nyingi iko kwenye maelezo madogo chini ya jedwali la biti.

Kwenye kadi za SD na eMMC, kukata kwenyewe si kazi yako. Unatangaza `max_blk_count`, `max_req_size`, `max_segs` na `max_seg_size`, na tabaka la bloku litagawanya maombi kabla hayajakufikia. Kosa la huko ni kutangaza nambari zisizopatana, kama kuruhusu ombi kubwa kuliko zao la idadi ya bloku na ukubwa wa bloku. Kwenye NVMe diski yenyewe inakutajia kikomo kwenye sehemu iitwayo MDTS, ila inakitaja kama kipeo cha mbili juu ya ukubwa mdogo wa ukurasa wa memori. MDTS ya 5 kwa kurasa za kilobaiti 4 ni kilobaiti 128, na sifuri ni kutokuwa na kikomo. Flashi za USB zina historia ya aibu kidogo: draiva ya usb-storage ya Linux hujiwekea sekta 240 kama kawaida, yaani kilobaiti 120, kwa kuwa vifaa vingi vya zamani vilishindwa kubeba zaidi, na adapta fulani za Genesys Logic zimewekewa sekta 64 tu.

Memori inayotoka huko juu

Hata urefu ukiwa sahihi, mahali data ilipo panaweza kukukatalia. DMA inataka anwani halisi za memori zinazofuatana, au orodha ya sehemu zinazofuatana. Bafa lililoombwa kwa `vmalloc` linaonekana kama kipande kimoja kwa msimbo wako, lakini kwenye memori halisi ni kurasa za kilobaiti 4 zilizotawanyika. Mfumo wa faili wa UBIFS ni maarufu kwa kukuletea mabafa ya namna hiyo. Data ndogo iliyokaa kwenye staki nayo usiipeleke kwenye DMA.

Njia ya heri ni bafa la kupitishia lililoombwa mara moja wakati wa kuanzisha kifaa. Draiva ya spi-nor ya Linux inalo, lenye ukubwa wa ukurasa mmoja wa memori. Ukilitumia, ukubwa wake unakuwa kikomo cha nne ndani ya ule `min`, na ni rahisi kukisahau kwa sababu hakimo kwenye datashiti yoyote: umekileta mwenyewe.

Gharama yake

Fanya hesabu kabla ya kuridhika. Kusoma megabaiti 16 kwa vipande vya baiti 59 ni operesheni 284,360. Tuseme kila moja inaongeza mikrosekunde 20 za kuandaa rejista, intarapti na kurudi. Hizo ni sekunde 5.7 za maandalizi, wakati data yenyewe kwenye waya mmoja kwa megahezi 50 ingepita kwa sekunde 2.7. Hapo kuongeza kasi ya saa hakutakusaidia. Kitakachokusaidia ni kuiweka CS kwenye GPIO, au kama kidhibiti kinaruhusu flashi isomwe kama memori ya kawaida, kusoma kwa njia hiyo na kuviacha vipande kwa uandishi tu.

Kuandika ni kugumu zaidi. Kurasa 65,536 za chipu hiyo zikikatwa mara tano tano zinakuwa operesheni 327,680, na muda wa kuandika baiti 60 haushuki kwa uwiano na baiti zenyewe, maana kila uandishi una maandalizi yake ndani ya chipu.

Shikilia kufuli wakati wote wa ukurasa mmoja, kuanzia ruhusa hadi WIP irudi sifuri, ili mwingine asiingize amri yake kati ya 0x06 na 0x02 yako. Lakini usilishikilie kwa megabaiti nzima kama mfumo una msomaji mwingine anayesubiri.

Kuijaribu

Draiva ya kukata haijaribiwi kwa kikomo chake halisi. Ishushie kikomo hadi baiti 7, nambari isiyogawanyika na chochote, na makosa yanajitokeza dakika ya kwanza. Programu ya flashrom inakuwezesha kulifanya hilo bila chipu yoyote mezani: ina kichomeo cha kuigiza kiitwacho dummy, na ukikipa `emulate=M25P10.RES,spi_write_256_chunksize=5` kitaigiza chipu ya kilobaiti 128 na kuiandikia baiti zisizozidi 5 kwa mkupuo. QEMU nayo inaigiza flashi nyingi za ukoo wa M25P80, ukitaka kuijaribu draiva ya kerneli.

Chagua data ya majaribio kwa akili. Mfululizo wa 00 hadi FF unaojirudia ni mbaya kuliko unavyoonekana, kwa sababu unajirudia kila baiti 256, ukubwa uleule wa ukurasa. Baiti iliyoandikwa kwenye ukurasa usio wake itaonekana sahihi. Tumia mfululizo unaojirudia kila baiti 251, au andika anwani yenyewe kila baada ya baiti nne. Anza kwenye anwani zinazoishia 0x00, 0x01, 0xF0 na 0xFF, na urefu wa 0, 1, kikomo pungufu moja, kikomo kamili, kikomo na moja, 255, 256 na 257. Soma pia baiti zilizo kabla na baada ya eneo ulilogusa, si eneo lenyewe tu.

Mwisho ufunge lojiki analaiza kwenye chipu halisi na uhesabu mara CS inaposhuka. Ukurasa mmoja wa NOR kwa vipande vya 60 ni vipande vitano, na kila kimoja kina ruhusa, uandishi na angalau swali moja la hali: CS isishuke chini ya mara 15. Ukihesabu 7, huenda ruhusa iko nje ya kitanzi na hakuna anayesubiri WIP kati ya vipande. Ukihesabu 11, fungua msimbo kwanza kwenye kusubiri: ruhusa na uandishi vipo kwa kila kipande, ila hali inaulizwa mara moja tu, mwishoni.